Nani anachanganya madaftari? Kisa cha Darasa la Nne B

Darasa lina wanafunzi 72: safu nne za madawati, madawati sita kila safu, watoto watatu kila dawati. Kompyuta hakuna. Shule nzima inayo moja, iko ofisini kwa mwalimu mkuu, na kazi yake ni takwimu na mitihani. Nayasema haya mapema kwa sababu kila nikiwaambia walimu wenzangu kwamba nilitumia wiki mbili kuwafundisha watoto kufikiri kikompyuta, yaani kuivunja kazi kuwa hatua, kuzipanga na kutafuta kosa lilipo, swali la kwanza huwa "kwa kompyuta ipi?"

Kilichonisukuma hakikuwa mtaala wala semina. Zilikuwa hasira. Nafundisha Hisabati, kipindi ni dakika 40, na kila siku niliyorudisha madaftari yaliyosahihishwa kipindi kilianza kwa vurugu zilezile. Kiranja anasimama mbele na rundo, anaita jina, mwenye jina anajipenyeza kati ya wenzake, anakuja mbele, anachukua, anarudi. Kule nyuma wanapiga soga, jina halisikiki, kiranja anarudia. Siku moja nikatazama saa ya simu: dakika 11. Kwa vipindi vitano vya wiki hiyo ni karibu saa nzima inayokwenda kwa kuitana majina, na hawa ndio wenye Upimaji wa Kitaifa mwisho wa mwaka.

Ningeweza kupanga utaratibu mwenyewe jioni ile na kuutangaza asubuhi. Badala yake nikawaachia tatizo lao.

Siku ya kwanza niliuliza swali moja tu: kiranja anafanya nini? Darasa zima likajibu kwa pamoja, "Anagawa madaftari!" Nikasema mimi ni mgeni, sijui kugawa ni nini, nifundisheni. Ilitumia muda hadi neno lile moja likavunjika vipande. Anachukua daftari la juu. Anasoma jina. Analiita. Anasubiri. Anakabidhi. Anachukua linalofuata, hadi rundo liishe. Mtoto mmoja wa dawati la mwisho akaongeza, "Na kama mwenyewe hayupo analiweka pembeni." Huyo nilimpongeza mbele ya wote. Wengine walieleza siku nzuri. Yeye peke yake ndiye aliyeikumbuka siku mbaya. (Mwingine akauliza kama leo tunagawa au tunagawanya. Kiswahili kimetupa maneno mawili yaliyozaliwa mama mmoja, na nilipoandika 72 gawanya kwa 4 pembeni ya ubao nao wakacheka, nikajua wamenielewa kuliko nilivyojielewa.)

Nikauliza tena: katika hizo hatua, ipi inakula muda? Wengi wakasema kusoma jina, maana kiranja wetu anasoma polepole. Tukamweka msichana anayesoma kama redio. Muda haukupungua hata dakika nzima. Ndipo wakarudi ubaoni wakaitazama orodha yao upya, na kidole cha mtu kikaangukia kwenye "anasubiri". Kusubiri mara 72. Mimi nilikuwa nimelijua jibu tangu mwanzo na ulimi ulikuwa unaniwasha. Kunyamaza hapo kulinigharimu zaidi ya kufundisha.

Kesho yake wavulana walikuja na dawa yao: tuongeze watu. Wagawaji wanne badala ya mmoja, kila mmoja achukue robo ya rundo, na wao ndio watembee. Walishapiga na hesabu: 11 gawanya kwa 4, haifiki dakika tatu. Tukajaribu. Dakika 9, na mtoto mmoja kakanyagwa. Rundo lilikuwa limechanganyika, kwa hiyo kila mgawaji alikuwa na madaftari ya kila pembe ya darasa, na wote wanne walikuwa wakigongana katika vijia vilevile. Kwangu hili lilikuwa somo zito kuliko yote ya wiki ya kwanza, kwamba watu wanne si lazima wawe kasi mara nne. Watu wazima tunaoongeza makarani dirishani tunalisahau kila siku. Watoto wao hawakuona somo, waliona wameshindwa.

Aliyetutoa hapo ni msichana mmoja mpole wa safu ya tatu ambaye mama yake anauza nyanya. Alisema, kwa sauti ambayo nililazimika kumwomba arudie, "Mama anapanga mafungu asubuhi, wateja hawajaja. Mbona sisi tunapanga wateja wamekuja?" Yaani: tatizo haliko kwenye kugawa. Liko kwenye kukusanya. Madaftari yakikusanywa kwa safu, kwa mpangilio, hakuna cha kupanga wakati wa kurudisha.

Nikaona tumemaliza. Kumbe ndio kwanza tumeanza.

Mara ya kwanza walikusanya wakianzia dawati la mbele kwenda nyuma, wakaweka daftari juu ya daftari, wakafunga kila safu kwa uzi. Asubuhi dawati la mbele likafungua mzigo wake, na daftari la juu likawa la mtu wa mwisho kabisa. Lililoingia mwanzo liko chini. Lililoingia mwisho liko juu. Wakaduwaa kidogo, kisha mmoja akasema ni kama sahani jikoni, unayoiosha mwisho ndiyo unayoichukua kwanza. Wakageuza: ukusanyaji uanzie nyuma. Kosa hilo waliliona na kulirekebisha ndani ya dakika mbili bila neno langu. Wanafunzi wa vyuo wanaosomea kompyuta hulipa ada kujifunza tabia hii ya rundo. Wangu waliijua kutokana na vyombo.

Kosa la pili ndilo ninalotaka kukaa nalo.

Utaratibu sasa ulikuwa hivi: dawati la mbele linachukua madaftari matatu ya juu, linapitisha mzigo nyuma, la pili matatu, la tatu matatu, hivyo hivyo hadi la sita. Hakuna kusoma majina. Siku ya kwanza safu zote nne zilimaliza kabla sijafuta ubao, na tukapigiana makofi. Siku ya pili, safu ya kwanza, mtoto wa dawati la mwisho akabaki mikono mitupu. Wenzake wakamrukia: hukukusanya, umeacha nyumbani, muongo. Alikuwa karibu kulia. Mimi mwenyewe, nakiri, nilikuwa nimeshafungua mdomo kumuuliza daftari lake liko wapi.

Kabla sijasema kitu, mtoto wa dawati la tano akainua daftari alilolishika: "Hata hili si langu." Lilikuwa la yule wa mikono mitupu. Tukaenda la nne. Nao wana moja la watu wa tano. Tukafika la tatu. Pale mambo yalikuwa ya ajabu: wawili wana madaftari yao, na wa tatu, aliyekuwa hayupo jana wakati wa kukusanya, daftari lake la Hisabati lilikuwa ndani ya mfuko wake, na mkononi kashika la mtu wa nne. Dawati la pili, sawa. La kwanza, sawa.

Nikachora madawati sita ubaoni, nikaweka vema kwenye la kwanza na la pili, na alama ya kosa kuanzia la tatu hadi la sita. Nikauliza: nani alikosea? Kimya. Kisha sauti kama tano kwa pamoja: hakuna. Mtu hakuwepo, utaratibu ukachukua matatu palipokuwa na mawili, na nakisi ikasukumwa nyuma dawati kwa dawati hadi ikaishia kwa mtu asiyehusika kabisa. Kosa lilizaliwa dawati la tatu, kilio kikasikika la sita. Nadhani yule mtoto wa nyuma hatasahau kwamba ubao ulimtetea.

Kutoka hapo wakapata njia ya kutafuta: anza mahali palipoharibika, rudi nyuma hatua moja moja hadi ufike mahali ambapo bado ni sawa, kosa liko katikati ya hapo. Waliita "kurudi nyumba kwa nyumba", kama mtu anayetafuta kuku. Tiba yao ilikuwa kipande cha boksi: asiyekuwepo, jirani anaweka kipande badala ya daftari, ili idadi ibaki tatu. Vipande hivyo bado vipo kabatini, vimeandikwa HAYUPO kwa herufi kubwa.

Wiki ya pili kosa likarudi, safari hii kubwa. Safu zote nne, madaftari yamevurugika ovyo. Kurudi nyumba kwa nyumba hakukusaidia kwa sababu hakukuwa na nyumba iliyo sawa. Wakalaumu wakusanyaji, wakusanyaji wakaapa. Wakabadilisha wakusanyaji, bado. Siku iliyofuata, baada ya kukusanya, mvulana mmoja akaomba kalamu yangu nene ya kuandikia manila. Akaupanga mzigo wa safu yake sawasawa juu ya meza, akachora mstari wa mshazari kwenye kingo za madaftari, kutoka kona ya juu hadi ya chini. Kila daftari likabaki na nukta moja ndogo. Madaftari yakiwa katika mpangilio, nukta zinafanya mstari. Likihama moja tu, mstari unakatika.

Sikumfundisha. Zamani, programu zilipokuwa zikiandikwa kwenye kadi za kutobolewa matundu, wataalamu walikuwa wakichora mstari huohuo wa mshazari juu ya kingo za kadi, ili rundo likianguka sakafuni lirudishiwe mpangilio wake. Mtoto wa Darasa la Nne aliufikia akiwa na madaftari 18 na kalamu ya kuazima.

Asubuhi nikaingia na mizigo minne. Yule mvulana akauchukua wa safu yake, akaugeuza ubavu, akaonyesha wenzake. Nukta zilikuwa zimetawanyika kama mchele uliomwagika. Mstari umeondoka umenyooka, umerudi vipande vipande. Kati ya kuondoka na kurudi mzigo ulikuwa mahali pamoja tu.

Darasa zima lilijua. Hakuna aliyesema. Macho yote yakaenda sakafuni, kisha yule msichana wa nyanya, kwa adabu ambayo hadi leo inanichekesha, akasema: "Mwalimu, labda nyumbani kuna mtoto anayachezea."

Alikuwa ananifungulia mlango wa kutokea, na ningeweza kuutumia. Nikawaambia ni mimi. Nikawaeleza ninavyosahihisha: nafungua mizigo yote, natafuta kwanza ya wale ninaojua wamepata, kwa sababu yanaenda haraka, ya wanaonitesa nayaacha mwisho, na kila nililomaliza nalitupa upande wa pili wa meza. Kabla ya hapo sikuwahi kujiona kama hatua katika utaratibu wao. Nilijiona mwenye utaratibu.

Mada hii ya kufikiri kikompyuta ina maandishi mengi na sehemu kubwa yake inahusu vifaa. Hata Jeannette Wing, mtaalamu wa sayansi ya kompyuta aliyeupa msemo huu umaarufu mwaka 2006 alipokuwa chuo kikuu cha Carnegie Mellon kule Marekani, alisisitiza kwamba unahusu namna binadamu wanavyofikiri, wala haulazimu mtu aige mashine. Tim Bell na wenzake wa New Zealand wamekuwa tangu miaka ya 1990 wakitengeneza michezo ya kufundisha sayansi ya kompyuta bila kompyuta. Hayo nayakubali yote. Lakini kwa darasa kama langu, kizuizi nilichokutana nacho si ukosefu wa kifaa. Kutafuta kosa kunadai mtoto aseme kosa liko wapi, popote lilipo, na shule yetu imemfundisha kwa miaka minne kwamba kosa ni alama nyekundu, lina mwenyewe, na mwenyewe kamwe si mwalimu. Mstari wa mshazari ulimsaidia kwa sababu ulisema badala yake.

Je, walijifunza kitu kinachovuka madaftari? Hapa lazima niwe mkweli. Ijumaa niliwapa kazi nyingine: pangeni usafi wa asubuhi uishe kabla ya kengele ya mstarini. Kufuta ubao, kuchota maji, kunyunyiza, kufagia, kumwagilia maua. Nilitegemea watavunja hatua na kuona kipi kinamsubiri kipi. Wakaniletea orodha ya majina, kama ambavyo viranja wameandika tangu enzi. Makundi mawili yaliweka kufagia kabla ya kuchota maji, katika sakafu ya vumbi ambayo kila mtoto pale anajua hunyunyizwa kwanza.

Nilivunjika moyo, kisha nikakumbuka kwamba si mimi wa kwanza. Logo, lugha ya programu ya watoto, ilitengenezwa mwaka 1967 na Seymour Papert, mzaliwa wa Pretoria, pamoja na Wally Feurzeig na Cynthia Solomon, na iliingia mashuleni ikiwa na matumaini makubwa kwamba mtoto anayeiamuru kompyuta hujifunza kupanga mawazo yake yote. Mwaka 1984 Roy Pea na Midian Kurland wa chuo cha Bank Street, New York, waliwapima watoto waliokuwa wamefanya Logo kwa mwaka wa shule. Kipimo chao, huwezi kuamini, kilikuwa kupanga kazi za usafi na utunzaji wa darasa: ubao ufutwe, mimea imwagiliwe, kwa njia fupi. Watoto wa Logo hawakuwashinda wenzao ambao hawakuigusa. Hawakuwa na vumbi letu, lakini waliangukia shimo letu.

Miaka minne baadaye David Klahr na Sharon Carver, wao pia wa Carnegie Mellon, walitoa habari tofauti. Wao hawakungoja ujuzi ujitokeze wenyewe. Waliwafundisha watoto waziwazi hatua za kutafuta kosa: nilitaka nini, nimepata nini, tofauti ni ya aina gani, inaweza kuwa imetokea wapi, rekebisha, jaribu tena. Watoto hao wakaweza kutafuta makosa hata katika maelekezo ya kawaida ya kuandikwa, yasiyo na kompyuta ndani yake.

Jumatatu nikageuza kazi yangu. Sikuwaomba wapange usafi. Niliwapa mpango mbovu, wenye kufagia kabla ya maji, nikasema: Ijumaa ulitumika, vumbi likawa hadi kwenye madaftari, tafuteni kosa. Mikono ikajaa. "Rudi nyumba kwa nyumba!" walikuwa wakikumbushana. Ni wale wale walioandika kosa hilohilo Ijumaa. Sidai kwamba nimethibitisha kitu. Ni darasa moja, wiki mbili, na mwalimu ndiye pia msahihishaji. Ninachosema ni kwamba kutunga utaratibu mpya na kutafuta kosa katika ulioharibika ni kazi mbili, na kama ningekuwa na wiki moja tu ningeanza na ya pili.

Kuna jambo moja sikulipima, na lingenipita kama mama mmoja asingekuja shuleni. Madaftari yakipita mkono kwa mkono, kila mkono unafunua. Zamani kiranja aliita jina na daftari likaenda kwa mwenyewe. Sasa aliyepata 3 kati ya 20 anatangazwa madawati matano kabla daftari halijamfikia. Mwanawe alikuwa ameanza kudai ameliacha nyumbani. Vipande vya HAYUPO vilikuwa vikiongezeka safu ya nne na mimi nikidhani ni malaria. Tulipima dakika, tukazipata dakika. Nikahamisha alama kutoka ukurasa wa mwanzo kwenda chini ya kazi yenyewe, na nikawaeleza watoto sababu bila kutaja mtu. Haikumaliza udaku, imeupunguza. Katika kuandika kisa hiki nimejiuliza kama dakika zile zilistahili, na siku nyingine jibu langu si lilelile.

Upande wangu wa kosa nao ulihitaji tiba. Niliahidi kusahihisha kwa mpangilio, safu kwa safu, na kweli nikafanya hivyo, nikichukua la juu na kuliweka lililomalizika pembeni. Asubuhi mstari ulikuwa haujatawanyika tena, ila ulikuwa umelala upande wa pili: ulioanzia kushoto sasa unaanzia kulia. Rundo limegeuka juu chini. Nikawaambia basi nitalipindua upya kila nikimaliza, daftari moja moja, mara 18, mara nne. Msichana wa nyanya akanyoosha kidole.

"Mwalimu, ukimaliza moja liweke kifudifudi. Yakiisha yote, geuza mzigo mara moja."

Nikajaribu palepale mezani kwa madaftari matano, wao wakiwa wamesimama juu ya madawati waone. La kwanza kifudifudi, la pili juu yake kifudifudi, hadi la tano. Nikaugeuza mzigo wote. La kwanza lilikuwa juu, na nukta zao zilikuwa zimekaa sawa, moja baada ya nyingine, kutoka kona hadi kona.